Saa Moja na Nusu Wodini

Mjini Kilosa, mkabala na ofisi za wilaya, kuna chumba kimoja cha stesheneri chenye mashine ya fotokopi inayokwamisha karatasi kila ikipata nafasi. Nyuma ya mashine hiyo ipo meza, na nyuma ya meza yupo Thadeo, wakili, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, mashati mawili meupe na muhuri mmoja. Huandika wosia, mikataba ya mashamba, na malalamiko ya watu ambao mahindi yao yamepitiwa na ng'ombe wa jirani. Wakati mwingine mwenye ng'ombe naye hufika asubuhi ileile akitaka kuandikiwa majibu, na Thadeo humwelekeza kwa wakili wa mtaa wa pili, maana hawezi kuwasemea wote wawili.

Wateja wapya hawakosi kumchokonoa.

"Wewe si ndiye uliyekuwa kule Dar, kwenye lile ghorofa la vioo? Walikufukuza?"

"Hawakunifukuza."

"Uliiba?"

"Sikuiba, mzee."

"Sasa mtu mwenye akili zake timamu anaachaje kiyoyozi, akaja kukaa chini ya feni inayolia kama mbuzi?"

Thadeo hujibu kwamba kiyoyozi kilimpa mafua, watu wakacheka, kazi ikaendelea. Hasemi zaidi ya hapo. Ukweli wake ni mrefu, na akiusema wote unamtia aibu yeye kwanza kabla ya kumtia aibu mtu mwingine.

Alizaliwa kijiji cha Berega, wilaya hiyohiyo ya Kilosa. Mama yake, Fausta, alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, na tangu akiwa mdogo Thadeo alijua kwamba ukikaribia kitanda cha mgonjwa unashusha sauti, unavua kofia, na ulichobeba mkononi ni uji, matunda au maji ya kunywa. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Aliyaona kila siku, kama mtu anavyoona jua likichomoza.

Kisha akasoma sheria, akafaulu vizuri, akachukuliwa na kampuni kubwa ya mawakili jijini, ghorofa ya kumi na saba. Kijiji kizima kilifurahi. Hata yeye alifurahi, kwa miezi miwili hivi.

Mkuu wa kampuni aliitwa Elikana, mtu wa miaka sitini, suti ya kijivu, sauti ya upole isiyopanda hata akimvunja mtu moyo. Siku ya kwanza Thadeo alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Elikana akatabasamu. "Hapa hatuna shikamoo, msomi. Hapa sote ni sawa, tunaitana majina. Sisi ni familia."

Usawa huo Thadeo aliuchunguza kwa miaka minne na hakuwahi kuuona ukitembea zaidi ya kwenye majina. Wakili mdogo alimwita mkuu "Elikana", halafu akambebea mkoba, akasimama ukutani wakati mkuu anakula, akafuta safari ya harusi ya dada yake kwa sababu mkuu alisema "naona wewe ndiye mtu pekee ninayekuamini." Mawakili waliitana "msomi" mchana kutwa, msomi huku msomi kule, kisha wasomi hao wakalala chini ya meza zao wakiwa wamejifunika majoho ya mahakamani. Mama Marciana, aliyekuwa akisafisha ofisi hiyo tangu baadhi ya mawakili hawajaanza shule, aliitwa "Marciana" na vijana wa miaka ishirini na mitano. Thadeo alipoendelea kumpa shikamoo, aliitwa na Winnie, afisa wa rasilimali watu, akaambiwa kwa upole kwamba tabia hiyo inaharibu taswira ya kimataifa.

Kila dakika sita ya maisha yako ilitakiwa kuandikwa kwenye mfumo, ijulikane ni ya mteja gani. Ukienda msalani, unawaza jambo la mteja ili dakika zile zisipotee. Thadeo alilifanya hilo. Alikaa msalani akiwaza kiwanda cha saruji, akatoka, akaandika. Leo akikumbuka anaona aibu, lakini wakati ule aliona ni ushujaa.

Na kulikuwa na bundi.

Elikana aliwahi kwenda kutembelea kampuni ya mawakili ng'ambo, akakuta wana sanamu ya bundi wanayompa wakili aliyekesha kazini kuliko wenzake. Akaipenda. Akatengenezesha ya kwake, ya shaba, kubwa kama kuku, yenye macho ya duara. Mshindi alikaa nayo mezani mwaka mzima, na jina lake likachongwa kwenye kitako. Ofisi nzima ya Waafrika, watu waliokuzwa na bibi waliokuwa wakimrushia ndege huyo mawe akitua juu ya paa, wakawa wanagombania kuwekewa bundi mezani. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Mwaka jana bundi alikuwa wa Naomi.

Naomi ni mtoto wa Kidete, kule reli inakopita na mto Mkondoa. Yeye na Thadeo walikuwa watu wawili tu wa wilaya moja katika ofisi ile, na walizoeana kwa utani wa mashamba. Mwezi wa tano mwaka huu, baada ya siku kumi na nne bila kupumzika hata Jumapili moja, Naomi alidondoka mlangoni mwa lifti akiwa na faili mkononi. Presha ilikuwa juu sana na figo zimeanza kusumbua. Akalazwa.

Siku ya pili Thadeo akapata meseji ya Elikana. "Msomi, mpelekee Naomi kompyuta yake. Amelala tu, macho yanaona." Elikana alikuwa ameyaweka mazungumzo hayo yajifute yenyewe baada ya siku saba. Wakili wa kiwango chake hasahau mambo kama hayo.

Thadeo angeweza kukataa. Hakukataa. Aliiweka kompyuta kwenye mfuko mzuri wa karatasi uliobaki ofisini kwenye zawadi za wateja, ili watu wa wodini wasishangae, akaenda.

Kando ya kitanda alimkuta Mama Naomi, aliyesafiri kutoka Kidete na khanga mbili na kopo la uji wa ulezi. Mama yule alipouona mfuko aliinuka, akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Jamani, ofisi ya mwanangu. Mungu awabariki. Mimi nilidhani mmeshamsahau. Na wewe, baba, ubarikiwe na watoto wako wote."

Thadeo hakuwa na mtoto hata mmoja. Alisema "Amina, mama." Naomi, mwenye dripu mkono wa kushoto, aliutazama mfuko, kisha akamtazama yeye. Mama akatoka nje kuwapisha wazungumze. Thadeo alikaa saa moja na nusu akimweleza nyaraka zilizobaki, na Naomi akaziandika kwa mkono wa kulia mpaka nesi akaja kufoka. Aliporudi ofisini Thadeo akafungua mfumo, akajaza: *Kikao na mwenzangu kuhusu nyaraka za mteja. Saa moja na nusu.* Mteja akalipa.

Naomi aliporuhusiwa kutoka alikwenda kwao Kidete kupona. Siku ya kumi akaandikiwa barua: ameacha kazi bila ruhusa, mkataba umevunjwa. Alipofungua shauri la kazi, kampuni ikajibu kwa maandishi kwamba wakati wote wa ugonjwa wake ilimpa mapumziko kamili na hakuna mtu aliyemgusa na kazi yoyote.

Naomi akampigia Thadeo simu. "Msomi, wewe ndiye uliyeileta. Meseji imeshafutika, imebaki midomo. Mama yangu watasema ni mama yangu. Ukisema wewe, wataamini."

"Nitaona," Thadeo akasema.

"Utaona nini?"

"Nipe muda, Naomi."

"Sawa," akasema Naomi. "Chukua. Mimi ndiyo nina muda siku hizi." Akakata.

Wiki hiyohiyo Elikana alimwita chumbani kwake, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akamwambia atapandishwa kuwa wakili mwandamizi, na tangazo litafanyika Mikumi, kwenye mapumziko ya mwaka ya kampuni. "Shauri la yule binti litasikilizwa mwezi wa kumi na moja. Wakati huo utakuwa mwandamizi. Familia huzungumza kwa sauti moja, au siyo?"

Thadeo alisema ndiyo. Akasema tena, ndiyo.

Basi mwezi wa tisa wakaenda Mikumi. Mapumziko hayo hayakuwa na mapumziko. Waliamshwa alfajiri wakaangalie tembo, na ndani ya gari la wazi nusu ya mawakili walikuwa wameinamia simu wakijibu wateja, tembo anapita na watoto wake hakuna anayemwona. Walivalishwa tisheti zilizoandikwa SISI NI FAMILIA. Waliambiwa wajigawe makundi na wataje udhaifu wao mbele ya wote, na wote wakataja udhaifu uleule, kwamba wanapenda kazi kupita kiasi.

Mchana, kwenye chakula, Elikana akasimama.

"Mwaka huu nimejifunza kitu kuhusu moyo wa kampuni hii," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Mwenzetu mmoja, ambaye hatunaye tena kwa sababu ambazo sitazitaja, alilazwa. Na nyaraka za mteja zilikuwa zinatakiwa mahakamani kesho yake. Zilifika! Zikiwa zimeandikwa kwa mkono mmoja, mwingine una dripu!"

Watu wakacheka. Wakapiga makofi. Brayson, wakili wa pili kwa ukubwa, akapiga meza.

"Lakini kuna aliyempelekea vifaa. Hakuuliza maswali. Huyo ndiye mtu wa kampuni hii."

Akamwita Thadeo, akamkabidhi bundi.

Kwa hiyo walijua. Kwenye karatasi za shauri waliandika kwamba hakuna aliyemgusa yule binti na kazi, na hapa, kwenye wali na nyama choma, wanalisimulia kama kichekesho. Thadeo aliipokea ile sanamu ya shaba mbele ya kamera na mdomo wake ukatabasamu wenyewe, kwa mazoea ya miaka minne. Aliporudi kukaa aliipindua akasoma kitako. Kulikuwa na majina saba. Alinyanyua macho akayatafuta ukumbini. Hata mmoja wa wale saba hakuwepo. Wa mwisho alikuwa Naomi.

Mhudumu aliyekuwa akiondoa sahani, msichana wa Mikumi aliyevaa kibao cha jina, Grace, alifika meza ile akarudi nyuma hatua mbili.

"Samahani, kaka. Naomba umtoe huyo hapo nichukue sahani."

"Ni sanamu tu, dada."

"Najua ni sanamu. Mimi simgusi." Akashusha sauti. "Hivi ni nini hasa, mmekuja kumfanyia dawa?"

"Ni tuzo. Anapewa aliyefanya kazi sana."

Grace alimtazama kuona kama anataniwa. "Tuzo! Kwetu huyo akilia juu ya nyumba tunamfukuza na kijinga cha moto, tunauliza nani mgonjwa. Nyie mnapiga naye picha." Akacheka, lakini mkono hakuunyoosha. "Haya, kaka, hongera. Sahani nitazifuata baadaye."

Tunauliza nani mgonjwa. Thadeo aliketi akiitazama nyama iliyobaki kwenye sahani yake. Alimwona Mama Naomi akipokea mfuko kwa mikono miwili. Akaliona goti lile.

Akainuka. "Dada Grace, magari ya Kilosa yanapatikana wapi?"

"Pale mjini, njia panda. Ya saa nane bado haijaondoka. Wahi." Kisha akamwita, "Na huyu je?"

"Mwachie mwenyewe," Thadeo akasema, akionyesha kwa kidevu meza kuu. Akapitia begi lake chumbani, akavua ile tisheti akaiacha juu ya kitanda, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake, Jumapili, alifika Kidete kwa bodaboda akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama Naomi alikuwa uani akipepeta mahindi. Naomi alikuwa ameketi kwenye mkeka, amekonda, miguu imenyooshwa mbele.

"Shikamoo, mama," Thadeo akasema.

Mama yule alimtazama. Akautazama mkoba aliobeba begani. Akarudi kwenye ungo wake. Ungo ukapanda ukashuka, makapi yakaruka, na marahaba haikutoka. Thadeo alikuwa hajawahi kunyimwa marahaba maisha yake yote, hata na mlevi. Alisimama pale kama mtu aliyebisha hodi kwenye ukuta.

"Umeleta kompyuta?" Naomi akauliza.

"Sijaleta."

"Fungua mkoba tuone. Siku hizi hatupokei mfuko bila kuufungua."

Akaufungua. Alitoa shati, mswaki, chaja ya simu, akavipanga juu ya mkeka kimoja kimoja kama mtu anayekaguliwa kituoni. Naomi akacheka kidogo, kicheko cha kuumwa. Mama hakucheka.

"Mama," Thadeo akasema, "ule mfuko haukuwa zawadi. Ilikuwa kazi. Nilijua ni kazi, na nilikuacha unibariki."

Ungo ukasimama.

"Ulidhani sijui?" mama akasema. "Ulipotoka tu mwanangu aliitoa tena, akaandika, jasho linamtoka. Nilimuuliza hiki nini, akasema kazi. Nikatoka nje nikanawa mikono. Niliipokea kwa mikono miwili, nikainawa yote miwili. Na uji wangu aliuacha ukapoa kwa ajili yenu."

"Nitasema, mama. Mwezi wa kumi na moja nitakwenda kusema."

"Kasemee huko. Hapa sisi tumeshasikia."

Alimpa chakula, kwa kuwa mgeni halali njaa kwenye nyumba ile. Marahaba hakumpa, si wakati wa kufika wala wa kuondoka.

Jumatatu Thadeo alituma barua ya kuacha kazi akiwa Kilosa. Majibu hayakuja, isipokuwa ya Winnie akimkumbusha kurudisha tisheti.

Siku ya shauri walipanda treni ya umeme ya asubuhi kutoka Kilosa kwenda Dar, watatu. Walipoketi Thadeo aliamkia, "Shikamoo, mama," na mama akatazama nje ya dirisha. Alikaa mbele yake safari nzima, magoti karibu yagusane.

Kampuni ilileta mawakili watatu. Brayson ndiye aliyemhoji Thadeo, na mkononi alikuwa na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye ule mfumo wa dakika sita.

"Shahidi, unasema siku hiyo ulimpelekea kompyuta wodini."

"Ndiyo."

"Hapa umeandika mwenyewe: kikao na mwenzangu kuhusu nyaraka za mteja, saa moja na nusu. Sioni neno wodi. Sioni neno mgonjwa. Kikao hufanyika ofisini, siyo?"

"Hicho kilifanyika wodini."

"Mbona hukuandika wodini?"

Thadeo aliuona mtego ulivyo. Akisema alisahau, ushahidi wake hauna thamani. Akisema kweli, amekiri mbele ya watu kwamba aliandika uongo na mteja akatozwa fedha kwa uongo huo, na kwa kukiri huko leseni yake ya uwakili inaweza kwenda. Nyuma yake, kwenye benchi, alimsikia Mama Naomi akikohoa.

"Kwa sababu mteja asingelipa," akasema.

Brayson akatabasamu. "Kwa hiyo ulimdanganya mteja."

"Nilimdanganya. Wewe umeshika karatasi, soma chini kabisa ni nani aliyeidhinisha."

Brayson hakusoma. Mwamuzi aliyekuwa akilisikiliza shauri akanyoosha mkono, akaiomba ile karatasi, akaisoma yeye kwa sauti. Chini kabisa liliandikwa jina la Elikana, na tarehe, na siku hiyo Naomi alikuwa kitandani kwa cheti cha hospitali. Kampuni iliyoapa kwamba hakuna aliyemgusa mgonjwa na kazi ilikuwa imeileta yenyewe karatasi inayoonyesha kazi, ikitaka kumnasa Thadeo.

Uamuzi bado haujatoka. Kilichotoka haraka ni malalamiko ya Elikana dhidi ya Thadeo, kurasa kumi na moja, kwamba wakili huyu amekiri udanganyifu na hafai kuvaa joho. Labda mwakani hata ile meza ya nyuma ya fotokopi haitakuwa na wakili. Thadeo anayasoma malalamiko hayo mara kwa mara. Anasema kila neno lililoandikwa kumhusu yeye ni kweli, na kwamba kinachomtia kinyaa ni mwandishi.

Jioni ya siku ile ya shauri treni iliwarudisha Kilosa jua likiwa bado kwenye milima. Naomi alitangulia kwenye ngazi, taratibu, ameshika chuma. Mama yake alikuwa akijifunga khanga upya, Thadeo amembebea kikapu.

"Marahaba," mama akasema.

Thadeo akageuka, hakuelewa. "Unasemaje, mama? Sijakuamkia."

"Ya asubuhi," mama akamjibu, akinyoosha mkono kuchukua kikapu chake. "Ile ya Kidete bado."